Kupiga picha Kazan: rudi palepale, saa nyingine

Mwezi wangu wa kwanza Kazan, mji mkuu wa Tatarstan nchini Urusi, nilipiga picha zaidi ya elfu mbili. Leo nimebaki nazo kama tano. Nilikuwa nafika mahali, nabonyeza, naondoka: Msikiti wa Kul Sharif saa sita mchana, Mnara wa Söyembikä saa sita na nusu, Mtaa wa Bauman saa saba. Kila kitu kimo pichani, lakini hakuna picha inayokuita uitazame mara ya pili.

Wadogo zangu mnaokuja kusoma Tatarstan mnaniuliza mnunue kamera gani. Simu uliyonayo inatosha kwa mwaka wa kwanza. Kwanza lijue jua la kule.

Sisi tuliokulia karibu na Ikweta tumezoea jua linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi. Kazan, mwishoni mwa Juni, linachomoza saa tisa ya usiku na kuzama saa mbili na nusu usiku. Desemba linatoka baada ya saa mbili asubuhi, na likigonga saa tisa na robo alasiri limeshazama. Siku hizo fupi jua halipandi juu, linatambaa pembeni ya anga. Usizidharau. Ule mwanga wa dhahabu ambao kwetu tunaupata dakika chache jioni, kule siku ya Desemba isiyo na mawingu unaupata hadi saa sita mchana, na vivuli vinakuwa virefu mchana kutwa.

Chukua ngome ya mji, Kremlin, ambamo umo msikiti wa Kul Sharif na Mnara wa Söyembikä, yenye kuta nyeupe zilizoanza kujengwa karne ya 16 na iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Watu wengi huipiga kutoka ng'ambo ya Mto Kazanka, upande wa kaskazini. Ni sawa, lakini kwa Juni: alfajiri jua linatokea kaskazini-mashariki na kupiga ukuta ule unaoutazama. Ukienda palepale Januari, jua liko nyuma ya ngome na unapata kivuli kitupu. Majira ya baridi zunguka upande wa mjini, kwenye Mnara wa Spasskaya. Mimi nilizunguka mara nyingi mno kabla sijalielewa jambo hili.

Ukiwa ng'ambo ile, usiupige Kul Sharif peke yake. Sogea mpaka kuba la buluu la msikiti na makuba ya Kanisa Kuu la Blagoveshchensky yaingie kwenye fremu moja. Msikiti umepewa jina la imamu aliyekufa mwaka 1552 akiutetea mji dhidi ya jeshi la Tsar Ivan wa Nne, na kanisa lilijengwa miaka michache baada ya mji kutekwa. Msikiti unaouona leo ulifunguliwa mwaka 2005, Kazan ilipoadhimisha miaka 1000. Historia yote hiyo inaingia kwenye picha moja, ukipata pa kusimama.

Kuhusu Söyembikä: mnara umeinama kweli, karibu mita mbili kwenye kilele. Wageni hudhani simu yao ndiyo imeenda upande, wanaunyoosha mnara, halafu majengo mengine yote yanalala. Washa mistari ya gridi kwenye kioo cha simu, linganisha na ukuta wa jirani, mnara uache uiname.

Theluji inaidanganya kamera. Inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na unapata theluji ya rangi ya majivu. Gusa kioo, pandisha mwangaza kidogo. Baridi nayo inaua betri: kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri simu yangu ilizima ikiwa bado na asilimia arobaini. Ikae mfuko wa ndani, karibu na kifua, itoke pale tu unapopiga. Ukiwa na kamera, ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia ndani na usiufungue mpaka ipate joto, la sivyo itatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji.

Mtaa wa zamani wa Watatari, wenyeji wa Tatarstan, pembeni ya Ziwa Kaban, ndio ninaoupenda kuliko yote. Nyumba za mbao za kijani na buluu, na Msikiti wa Marjani uliojengwa kwa idhini ya Malkia Catherine wa Pili katika miaka ya 1760. Nenda Ijumaa, uone wazee wenye kofia za kutarizi wakitoka kuswali. Utadhani uko Pwani mpaka uone makoti. Wanaoswali usiwapige picha. Wanaotoka, waombe kwanza: “Mozhno?”, yaani “Naweza?” kwa Kirusi, ukionyesha kamera. Neno hilo moja limenifungulia milango mingi.

Askari, magari ya jeshi, viwanda na madaraja ya reli usivipige picha. Droni iache nyumbani. Tangu vita kamili na Ukraine vianze mwaka 2022 watu wako macho zaidi, na mgeni mwenye kamera anaonekana haraka. Tembea na pasipoti.

Picha niliyoining'iniza ukutani haina kuba wala mnara. Ni ya mzee mmoja aliyekuwa akivua samaki juu ya barafu ya Kazanka, ameketi kwenye sanduku, mbele yake tundu dogo kama mdomo wa ndoo. Nilimwomba, akaitikia kwa kichwa bila kuacha mshipi. Nilipiga mikono yake tu: glavu zilizokatwa vidole, kucha nyekundu kwa baridi, na samaki wa urefu wa kidole gumba akirukaruka juu ya theluji.

Jumamosi iliyofuata nikasafisha picha hiyo studio na kumpelekea. Alikuwa palepale. Aliitazama kwa muda, akaigeuza, akaniomba niandike tarehe nyuma. Wino wa kalamu yangu ulikuwa umeganda. Akatoa penseli kwenye sanduku lake la ndoano, na tangu siku hiyo nami natembea na penseli.