Fundi, nifunge difu ya gia mbili?

Msimu wa korosho ukikaribia, kila mwenye pikapu ya zamani anakumbuka mlima. Safari hii maswali mengi ni ya difu (lile sanduku la gia katikati ya ekseli ya nyuma) ya gia mbili, ile ya malori ya zamani yenye swichi kwenye mkono wa gia.

Shikamoo fundi. Nimerithi pikapu ya Bedford ya babu. Kuna mtu Masasi anauza difu ya gia mbili iliyotoka kwenye lori. Nikiifunga nitapanda na magunia yangu bila kuhangaika? (Newala)

Marahaba. Utapanda, ila usitegemee kuwahi.

Ndani ya krauni (gia kubwa ya duara) ya difu hiyo kuna gia ndogo zilizozunguka gia moja ya katikati. Zikifungwa pamoja, vyote vinazunguka kama kitu kimoja: hiyo tunaiita nyepesi. Ile ya katikati ikishikwa isizunguke, ndogo zinalazimika kuizunguka, gurudumu linapunguza mwendo na kuongeza nguvu: hiyo ndiyo nzito. Kwa hiyo gia nne za gia boksi zinakuwa nane. Si jambo geni. Ford Model T ilikuwa na gia mbili tu za mbele, na miaka ya 1920 Wamarekani walikuwa wakiifunga difu ya Ruckstell wapate nne.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi hawataki kunisikiliza. Chukua difu ya Eaton yenye 5.83 na 8.11, yaani mizunguko ya propela (mhimili wa kutoka gia boksi hadi difu) kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, kwenye nyepesi na kwenye nzito. Tairi la 7.50-16 linatembea karibu mita 2.5 kwa mzunguko mmoja (piga alama ya chaki, sukuma gari, pima mwenyewe). Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika ukiwa gia ya nne, nyepesi itakupa kilomita 77 kwa saa, nzito 55. Difu ya pikapu yenye 4.1 ingekupa 110. Umeona? Hata hiyo nyepesi ni nzito kuliko uliyozoea. Kama kazi yako ni kutoa magunia shambani na kupanda nayo, funga. Kama unakwenda Dar kila mwezi, utanilaani kabla hujavuka Rufiji.

Muuzaji anasema ni nzima. Nitajuaje? (Tandahimba)

Usinunue kwa maneno. Fungua kile kimota cha kubadilishia kilicho ubavuni mwa difu, usogeze uma wa ndani kwa mkono. Uache upande mmoja, zungusha magurudumu yote mawili kwa pamoja mzunguko mmoja, huku mwenzako akihesabu flenji ya propela imezunguka mara ngapi. Sogeza uma upande wa pili, rudia. Hesabu isipobadilika, unauziwa chuma chakavu. Tazama na oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Difu ninayo tayari. Fundi jirani anasema ni kuchomelea viti vya springi kwenye ekseli tu, kazi ya siku moja. Ni kweli? (Nachingwea)

Siku moja ya kuchomelea, kaka, kisha wiki za kurekebisha. Difu ya lori ni pana, tairi linaweza kutokeza nje ya bodi. Matundu ya nati hayatalingana na rimu zako, kwa hiyo likitoboka tairi la mbele, spea ya nyuma haikusaidii. Propela itakatwa na kusawazishwa upya. Viti vya springi vikichomelewa kwa pembe isiyokwenda sambamba na gia boksi, gari litatetemeka na krosi (viungo vya propela) utakuwa unanunua kama sigara.

Lakini linalonikosesha usingizi ni breki. Silinda za magurudumu ya lori ni kubwa, zinataka oili ya breki nyingi kuliko inayosukumwa na masta silinda (pampu ya pedali ya breki) ya pikapu. Pedali itazama hadi chini. Badilisha masta silinda ilingane nazo kabla gari halijatoka gereji, si baada ya kujaribu kidogo barabarani. Na kama difu imetoka kwenye lori la breki za upepo, mrudishie mwenyewe.

Swichi nikibonyeza, difu haibadiliki mpaka nimetembea sana. (Lindi mjini)

Kimota kinakaza springi tu; gia hazihami mpaka mzigo utoke kwenye meno. Bonyeza, kisha inua mguu kwenye mafuta mara moja. Isipokubali, safisha vichwa vya nyaya, maana upepo wa bahari hapo kwenu unakula shaba. Na hakikisha kimota si cha volti 24 kwenye gari lako la 12.

Nina Peugeot 404 pikapu. Nami nifunge? (Mikindani)

Hapana. Propela yake iko ndani ya bomba lililoungwa na difu. Iache.

Naweza kubadilisha nikiwa kwenye mteremko? (Newala tena)

Usithubutu. Gia zikiwa katikati, magurudumu hayana habari na injini, na mzigo unakusukuma. Nilipokuwa utingo dereva wangu alifanya hivyo tukiwa na shehena, difu ikakataa kuingia kokote. Tuliokolewa na mkorosho. Chagua nzito ukiwa juu, kabla hujaanza kushuka.

Spidometa itadanganya? (Masasi)

Ikiwa waya wake unatoka gia boksi, ndiyo. Kwa hesabu ile ya juu, ukisoma 110 uko 77. Kwa tochi angalau umepona.