Mapendekezo au maoni? Na "kitabu" kimepotelea wapi?

SWALI: Ninatengeneza kisanduku cha kutafuta kwenye katalogi ya maktaba. Yale maneno yanayojitokeza chini mtu anapoanza kuandika niyaite mapendekezo, maoni au vidokezo? Na mbona mtu akiandika "vita", huku akikusudia "vitabu", haletewi chochote chenye "kitabu"?

JIBU: Yaite mapendekezo. Kupendekeza ni kumwekea mtu jambo mbele yake, akubali au akatae. Maoni hutolewa na watu, na kidokezo ni dondoo ya kumsaidia mtu kufanya jambo. "Ukamilishaji otomatiki", jina la kifundi la kazi hiyo, ubaki kwenye mwongozo wa mafundi. Tena andika kisanduku cha kutafutia, kama tunavyosema kisu cha kukatia na sufuria ya kupikia. Chombo huenda na kauli ya kutendea.

Hilo la pili ndilo zito. Programu nyingi za mapendekezo hulinganisha herufi za mwanzo. Kiingereza huongeza alama ya wingi mwishoni, "book" na "books", kwa hiyo herufi za mwanzo hazibadiliki. Kiswahili hubadilika mwanzoni: kitabu na vitabu, mtoto na watoto, ulimi na ndimi. Aliyeandika "vita" ataletewa Vita vya Majimaji, na kitabu hatakiona.

Dawa ni kuhifadhi umoja na wingi wa kila nomino kama jozi moja, ili ukiguswa mmoja na mwenzake aitike. Usijaribu kukata viambishi kwa kanuni tupu. Ukikata "ku" kila mahali, kupika itakupa "pika" safi kabisa, lakini kufuli itabaki "fuli" na kuku atabaki "ku". Ukigeuza kila "vi" kuwa "ki", vita itakuwa "kita", ambacho ni kitenzi kingine. Orodha ya maneno itangulie. Kanuni ishughulikie tu yale yasiyomo.

Vitenzi navyo vinataka njia yao. Ukiamuru mapendekezo yaanze baada ya herufi tatu, aliyeandika "kup" amekupa herufi moja tu yenye maana, nawe utamrundikia kupika, kupima, kupanda. Neno linapoanza kwa "ku" na haliko kwenye orodha ya nomino, hesabu herufi tatu kuanzia baada ya "ku".

Usiunganishe mapendekezo neno kwa neno. Programu itakayobadili kitabu kuwa vitabu na kuacha "cha" ilivyo itaandika "vitabu cha hadithi", na kosa hilo litasambaa kwa kila anayebofya. Hifadhi virai vizima: kitabu cha hadithi, vitabu vya hadithi.

Mwisho, ng'ombe. Simu huandika kibainishi, ile alama iliyo juu baada ya "ng", kwa maumbo tofauti, na wengi hukiruka. Wakati wa kulinganisha, kipuuze. Wakati wa kuonyesha, kirudishe, kwa kuwa ng'oa na ngoa ni maneno mawili.