Dakika 20 za kukaza: usianze kama moto wa makuti

Utamu wa kukaza baiskeli mpaka pumzi ikatike hauji dakika ya kwanza. Unakuja kuanzia ya 15, mapaja yanawaka, akili inatafuta kisingizio cha kulegeza, na bado unacho cha kukanyagia. Wengi hawaufikii. Wanaanza kama moto wa makuti: unalipuka, mtaa mzima unang'aa, kisha majivu. Unaotakiwa ni moto wa vifuu.

Hewa ndiyo inayotoza. Nguvu ya kuipasua hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo: ukitoka kilomita 30 kwa saa kwenda 36, mwendo umeongezeka asilimia 20 tu, lakini hewa inadai nguvu asilimia 73 zaidi. Dakika 3 za mwanzo ukizila kwa pupa, deni linalobaki miguuni hulilipi ukiwa bado umekaza. Kwa sababu hiyohiyo, kukunja viwiko na kushusha kichwa kunalipa kuliko magurudumu ya bei mbaya.

Jipime hivi. Tafuta kipande kilichonyooka. Kama uko Dar es Salaam, Barabara ya Bagamoyo iache, saa 12 asubuhi bodaboda wameshaamka. Upande wa Kigamboni, Mjimwema kuelekea Gezaulole, alfajiri kuna nafuu, ila pita kwanza polepole ukague matuta na mchanga. Kaza dakika 10 kwenda, geuza, rudi. Siku isiyo na upepo, dakika ya 20 ikikukuta umefika ulipoanzia au umepita, uligawa nguvu vizuri. Ikikukuta hujafika, ulianza kwa fujo. Kusi ikivuma mizani hii haifai, maana inakupiga usoni ukienda na kukusukuma ukirudi. Siku kama hiyo ongeza nguvu kidogo unapoikabili, legeza kidogo ukiwa nayo mgongoni.

Dakika 3 za kwanza zikuudhi kwa wepesi wake. Kutoka ya 4 hadi ya 14 uweze kutamka maneno matatu, si sentensi. Baada ya hapo usiweze kusema chochote. Pedeli zizunguke mara 85 hadi 95 kwa dakika, kwani gia nzito huua mapaja kabla ya mapafu. Tairi la milimita 25 kwa mtu wa kilo 70 linatosha psi (kipimo cha upepo wa tairi) 80 hadi 85. Ukilijaza kama jiwe, baiskeli inarukaruka na nguvu inapotea.

Mkanda wa mapigo ya moyo usiuamini mwanzoni, unachelewa dakika mbili tatu. Na kwa fukuto la Dar, moyo huendelea kupanda hata mwendo ukiwa uleule, kwa sababu jasho linadondoka badala ya kukauka na mwili haupoi. Mmarekani Greg LeMond, siku ya mwisho ya mashindano ya baiskeli ya Tour de France 1989, hakutaka kusomewa muda wake njiani. Alikuwa nyuma kwa sekunde 50, zikiwa zimebaki kilomita 24.5, akashinda kwa 8. Pumzi yako ni kipimo tosha.

Joto hilohilo linafupisha maandalizi ya kupasha mwili: dakika 12 hadi 15 nyepesi, ndani yake ukikaza mara tatu, dakika moja moja. Kunywa nusu lita saa mbili kabla. Katikati ya dakika 20 maji yanafaa zaidi kichwani kuliko tumboni. Ukihisi baridi, vipele vya ubaridi au kizunguzungu, acha palepale na utafute kivuli.

Mara moja kwa wiki inatosha. Anayekaza kila siku hakazi, anachoka tu.

Ukimaliza usisimame ghafla, damu itabaki miguuni na unaweza kuanguka. Kanyaga taratibu dakika 10, ndipo utafute dafu. Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, na jasho limeondoka na sodiamu, kwa hiyo lisindikize na muhogo wa kuchoma, chumvi usiionee haya.