Siku Moja Alfama

SWALI: Mhariri, nitakuwa Lisbon, Ureno, kwa siku moja tu, nami ningependa kuitumia katika mtaa wa kale wa Alfama. Nianzie wapi?

JIBU: Anza asubuhi juu kabisa, kwenye ngome ya São Jorge, kisha uteremke kwa miguu kuelekea mto Tagus, kwa kuwa mtaa huu uko mlimani na kupanda ngazi zake juani ni kujichosha bure. Vichochoro vyake vyembamba vimesalia kwa sababu tetemeko la ardhi la mwaka 1755, lililoangamiza sehemu kubwa ya jiji, halikuiharibu Alfama kwa kiwango hicho. Ukifika baadaye Baixa, eneo lililojengwa upya kwa barabara zilizonyooka, utaiona tofauti waziwazi. Kanisa kuu, ambalo ujenzi wake ulianza baada ya jiji kutekwa kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, linastahili kutazamwa bila haraka. Tramu namba 28 hujaa mno (na wezi wa mifukoni hawakosekani), kwa hiyo mimi nisingeitegemea. Ikiwa ni Jumanne au Jumamosi, pitia Feira da Ladra, soko la vitu vikuukuu. Makumbusho ya muziki wa fado uyatembelee alasiri, kabla ya kwenda kuusikiliza ukiimbwa usiku.