Baiskeli ya Kazi: Maswali Yenu ya Wiki Hii

Shikamoo. Nakaa Ubungo, kazi yangu iko Kariakoo. Nimechoka kugombania mlango wa gari asubuhi. Kijana wa dukani ananishawishi nichukue baiskeli mpya yenye gia 21 na shokapu mbele na nyuma. Nichukue?

Marahaba. Usichukue. Shokapu za baiskeli ya bei ya chini ni spring tu ndani ya bomba: kila ukikanyaga pedali, sehemu ya nguvu yako inaishia kubonyeza spring badala ya kusukuma gurudumu. Zinaongeza uzito, na baada ya miezi zinaanza kugonga. Wewe njia yako ni lami mwanzo mwisho, na pembeni ya barabara ya mwendokasi kuna njia ya baiskeli, ingawa itabidi uigawane na bodaboda na wauza maji.

Tafuta mtumba wa Japani, ile yenye kapu mbele, madigadi, kifuniko cha cheni na stendi. Wajapani waliitengeneza kwa ajili ya kwenda sokoni na stesheni, na ndiyo kazi unayoitaka. Ukipata yenye gia 3 zilizofichwa ndani ya haba, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, hiyo hiyo: mchanga na mvua havizifikii. Kabla ya kutoa hela, inua gurudumu la mbele ulizungushe huku ukitazama nafasi kati ya rimu na raba za breki. Likiyumba kidogo, fundi atakaza spoki. Kisha shika krenki, yaani mkono unaobeba pedali, uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, gololi au ekseli imekwisha, na hapo una haki ya kupunguziwa bei. Mwisho igeuze juu chini uangalie kutu karibu na ekseli ya pedali. Rangi ya juu inadanganya, maana watu wanapiga spree. Stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani kwenye fremu ni ya usajili wa kule dhidi ya wizi. Mimi yangu nimeiacha, naiona kama cheti cha kuzaliwa.

Nimenunua tairi namba 26 kwa ajili ya baiskeli yangu ya mtumba. Fundi anasema haiingii. Nimeibiwa? (Tanga)

Hujaibiwa, umepatikana na mtego uliomnasa karibu kila mtu, nami nikiwemo: nilirudi nyumbani kwa miguu, tairi begani kama mkoba. Kuna 26 mbili. Ya mtumba wa Japani huandikwa 26 x 1 3/8, kwa namba ya sehemu. Ya baiskeli za milimani huandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.10, kwa nukta. Ya kwanza hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 590, ya pili ya 559. Tofauti ni milimita 31. Hakuna spana wala matusi yatakayoziba pengo hilo. Baiskeli ya Phoenix, ile ya Kichina, nayo ina yake, 28 x 1 1/2, rimu ya 635. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, mfano 37-590. Ile ya mwisho, ya rimu, ndiyo usiyoweza kuibadilisha. Au kwa kifupi, nenda dukani na tairi kuukuu mkononi.

Na kabla hujanunua baiskeli yoyote, muulize fundi wa mtaani kwako ana tairi na tyubu za saizi gani. Asiyokuwa nayo, usiinunue hata kama ni nzuri.

Mimi ni mwalimu, Unguja, navaa baibui. Naogopa nguo kuingia kwenye gurudumu. Tena cheni inashika kutu kila wiki.

Hofu yako ni ya kweli, mwalimu. Niliwahi kuona kanga ikimezwa na gurudumu la nyuma: pindo lilizunguka haba mara tatu, breki ikajifunga yenyewe, na ilibidi ikatwe kwa wembe. Chukua fremu ya kike, isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko cha cheni kilichofunika kote. Kisha mwambie fundi atoboe vitundu pembezoni mwa madigadi ya nyuma, kushoto na kulia, apitishe kamba ya nailoni kutoka kila kitundu hadi karibu na ekseli. Inakuwa kama wavu. Ni kazi ya saa moja.

Kutu ni chumvi ya bahari. Futa cheni kwa kitambaa kwanza, ndipo utie mafuta ya cherehani tone moja moja kila pingili, zungusha, kisha ufute tena yaliyobaki nje. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuokota mchanga. Oili chafu ya gari ndiyo kabisa usiguse, na baibui lako litanishukuru.

Napeleka maji, madumu mawili ya lita 20. Baiskeli inayumba. (Mwanza)

Hizo ni kilo 40, kaka. Yaninginize ubavuni mwa keria, moja huku moja kule, chini kadiri inavyowezekana; usiyapange juu. Yajaze hadi mdomoni, kwa sababu dumu nusu linachezacheza na maji ndiyo yanayokuyumbisha. Funga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, kamba ya katani inalegea. Keria iwe ya chuma, iliyoshikwa kwenye ekseli. Na kwa milima ya huko, mvua ikinyesha breki za fimbo, zile zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, kwenye rimu ya chuma zinateleza sana: shuka, tembea nayo.

Magoti yananiuma.

Siti iko chini. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudi kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki limepinda kidogo tu.

Kengele au honi ya betri?

Kengele. Honi ikilia nyuma ya mtu wa Kariakoo, anaruka upande usiotarajia.