Taa za rangi na muziki laini hazitulizi darasa

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nafundisha kitengo cha elimu maalumu shule ya msingi hapa Morogoro, nina watoto 14, wengi wana usonji (autism). Wawili wana wasiwasi uliopitiliza, mmoja kengele ikigongwa anaingia chini ya dawati hatoki, mwingine yuko kimya tu ila siku nzima anatafuna kola ya shati. Mkuu kanipa hela kidogo nitengeneze darasa la kuwatuliza. Kuna jamaa anauza seti ya taa za kubadilika rangi, spika ya muziki laini na mafuta ya kunukia, anasema Ulaya ndo wanatumia. Ninunue? Na ukuta nipake rangi gani?

JIBU: Mwalimu, usinunue. Ukuta paka rangi yoyote iliyopoa isiyong'aa yaishe, maana hili swali la rangi naulizwa kila kukicha na sijaona mtoto aliyeacha kutetemeka kwa sababu ukuta ni wa bluu.

Hiyo seti ndo kabisa. Kifafa na usonji huwa vinakutana sana kwa mtoto mmoja, na wapo wenye kifafa ambao taa ya kumetameta inawaangusha, sasa huyo jamaa kakuuliza kama una mtoto wa hivyo darasani? Mafuta nayo, harufu ambayo wewe unaiona nzuri mwenzio inaweza kumtapisha.

Ila kinachoniudhi zaidi sio hata muuzaji, ni hii imani kwamba darasa tulivu ni darasa lililonyamaza. Mkaguzi anaingia, anakuta watoto kimya, anasifia. Yani huyo wako wa kola ndo ninayemuogopea kuliko wa chini ya dawati, kwa sababu hasumbui mtu basi anasahaulika. Mshike kiganja uone kama hakijalowa jasho. Angalia kama anauangalia mlango kila dakika, kama anabana mkojo mpaka anajikojolea kwa kuogopa kuomba ruhusa. Huyo hajatulia, kaganda tu.

Mtoto wa hivi kinachomtuliza ni kujua nini kinafuata. Kata boksi, bandika picha za shughuli za siku, zining'inize kwenye kamba na vibanio vya nguo kwa mpangilio, kazi ikiisha mtoto mwenyewe anabandua kadi anaitia kwenye kopo. Ratiba ikibadilika, tuseme mvua inapiga bati hamsikilizani, badilisha kadi mbele ya macho yake, usimshtukize. Kengele kama ni lile rimu la gari la kugonga na nondo basi hata mimi nalishtuka, mwonyeshe kadi ya kengele dakika moja kabla, halafu taratibu, siku nyingine asimame nalo mbali wakati linagongwa, akizoea asogee, mwisho akikubali mwenyewe mpe nondo agonge. Akikataa muache, kesho ipo.

Kona ya kupumzikia weka, mkeka na mto na kanga ya kuziba kidogo inatosha sana, lakini ukimwambia mara moja tu "nenda kule mpaka unyamaze" hiyo kona imeshakufa, imekuwa jela. Na akipaniki punguza maneno. Kaa chini pembeni yake, usimlazimishe akuangalie, usimkumbatie kwa nguvu, subiri. Maswali ya "una nini, sema, nani kakufanya" yanamzidishia.

Sasa nirudi kwa hao wauzaji maana leo ni taa, kesho atakuja na chupa. Wazazi wa vitengo ndo soko lao, mtu kahangaika miaka anaambiwa mtoto atatulia ndani ya wiki, anauza mpaka kiwanja. Hakuna dawa inayoponya usonji, anayekwambia ipo anakuibia. Wengine wanawanywesha watoto sirapu ya mafua asubuhi ili wafike shule wamelegea, na wewe mwalimu unadhani leo mtoto kaamka vizuri kumbe kalewa dawa (na kuna watoto dawa hizo zinawachangamsha kinyume chake, ndo unakuta vurugu). Kibaya zaidi ni yale matone ya klorini daioksaidi, mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasiyanywe kwa sababu yakichanganywa kama wauzaji wanavyoelekeza yanageuka dawa ya kung'arishia nguo, na walikuwa wanayauza eti yanatibu usonji! Mtoto anatapika na kuharisha, mzazi anaambiwa sumu inatoka.

Kwa hiyo kwenye kikao cha wazazi waulize bila kuwafokea wanawapa nini watoto nyumbani. Ukimpata anayetumia kitu cha hivyo, asimpe tena hata tone, ampeleke mtoto hospitali, na chupa yenyewe aibebe daktari aione.