Usiende kwenye kikao hicho na tabasamu la kuazima

Mleta mada, usifanye hivyo. Umeandika kwamba Jumatatu utasimama mbele ya wafanyakazi wako na kuwaambia, kwa uso mkunjufu, kuwa mambo ni shwari na hakuna atakayepoteza kazi, ilhali mistari michache kabla ya hapo umekiri kuwa hujui mishahara ya miezi miwili ijayo itatoka wapi. Mimi niliyasema maneno hayo hayo, na ninayajutia mpaka leo.

Ilikuwa mapema mwaka 2009. Benki ya Lehman Brothers ilikuwa imeanguka Septemba 2008, benki nyingine zikaogopa hata kukopeshana zenyewe kwa zenyewe, na ukata huo ukashuka hadi kwa wateja wetu, ambao walianza kulipa ankara baada ya siku 90 badala ya 30. Nilikuwa nikiongoza watu 31. Nikapelekwa kwenye mafunzo ya uongozi, na huko mshauri mmoja mwenye suti nzuri, ambaye sidhani kama aliwahi kukosa usingizi kwa ajili ya mishahara ya watu, akatufundisha kuwa kiongozi haonyeshi woga kamwe. Alilipwa siku ile ile. Sisi tuliendelea kulipa kwa miaka miwili. Nilitabasamu kikao kizima hadi mashavu yakauma, nikaahidi kuwa hakuna atakayeachishwa kazi. Walipiga makofi, na naona aibu kukiri kwamba niliyafurahia.

Wiki saba baadaye niliwaita watu tisa ofisini, mmoja baada ya mwingine. Wa tatu, mama aliyekuwa akitunza stoo, hakulia wala hakufoka. Aliniambia tu kwamba baada ya kikao kile alichukua mkopo wa kumalizia nyumba yake, kwa sababu nilisema hakuna atakayeondoka. Nilimpa maji ya kunywa. Ndiyo, maji, ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakikuhitaji saini ya mhasibu.

Waliobaki hawakuniamini tena. Mteja wetu mkubwa alipolipa deni lote na mimi nikatangaza habari hiyo, walitazamana tu, na ndani ya miezi mitatu wanne waliokuwa na ujuzi mkubwa kuliko wote wakajiuzulu kwa hiari yao. Siku moja nilicheka mzaha wa dereva, na mtu akauliza kama kampuni inafungwa. Hofu niliyoificha kikaoni nayo haikupotea: nilimfokea karani mbele ya wenzake kwa sababu ya karatasi za kuchapia. Kwa hiyo usidhani kwamba kuficha ni kudhibiti.

Machi 2020, hoteli zilipokosa wageni kwa sababu ya korona, Arne Sorenson, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya hoteli ya Marriott, aliwaambia wafanyakazi wake kwa video kwamba pigo lile lilikuwa kali kuliko yale ya Septemba 11, 2001 na ya mwaka 2009 yakijumlishwa, na kwamba yeye mwenyewe hatachukua mshahara kwa muda uliobaki wa mwaka ule. Alikuwa akitibiwa saratani, na sauti ilimkwama. Hakuna aliyemcheka. Nilipoitazama video ile nilimkumbuka yule bwana wa suti, na maneno niliyoyasema peke yangu hayafai kuandikwa hapa.

Kanuni yangu ni moja: usiahidi jambo ambalo fedha zilizopo hazijaliahidi. Waambie unachokijua, usichokijua, na siku utakayowapa taarifa nyingine, kisha siku hiyo ifike ukiwa mbele yao hata kama huna jipya.

Uliuliza pia kuhusu usingizi na kuhusu hasira unazozipeleka nyumbani. Hayo wengine watakujibu vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kabla ya Jumatatu mhasibu akuhesabie fedha zilizopo zinatosha wiki ngapi, uiandike idadi hiyo kwenye karatasi, na uwasomee jinsi ilivyo, hata sauti ikitetemeka.